Mkanda wa jeshi kwa mgonjwa aliye kwenye tibakemia

Swali: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 61, anatibiwa limfoma (saratani ya tezi za limfu) Dar es Salaam na ameshapata mizunguko minne ya dripu za tibakemia kati ya sita. Safari iliyopita, mama mmoja waliyekaa naye benchi moja wakisubiri dawa alikuwa na mkanda wa jeshi kiunoni. Tangu siku hiyo mama hana amani, na jirani ameongeza hofu kwa kumwambia kwamba mkanda ukizunguka mwili ukakutana, mtu haponi. Mama aliugua tetekuwanga alipokuwa mtoto. Je, anaweza kuwa ameambukizwa? Tumpumzishe kwenda kliniki kwa muda? Nasikia pia kuna chanjo. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba, binti. Nianze na lile linalomnyima mama usingizi. Hakuambukizwa mkanda wa jeshi na mwenzake wa benchi, na hawezi kuambukizwa na mtu mwingine yeyote, kwa sababu ugonjwa huu haupokelewi kutoka nje. Virusi vinavyousababisha anavyo mwilini mwake tangu alipougua tetekuwanga utotoni. Hatari ya kuupata anayo kweli, tena ni kubwa kuliko ya mwanamke wa umri wake asiye na saratani, ila inatokana na limfoma yenyewe na dawa anazopewa, wala si mtu aliyekaa karibu naye. Kwa hiyo mzunguko wa tano asiukose kwa hofu hii. Kukatiza matibabu ya limfoma katikati kunaweza kumgharimu zaidi kuliko mkanda wa jeshi uliogunduliwa mapema na kutibiwa.

Tetekuwanga na mkanda wa jeshi ni kazi ya kirusi kimoja, kiitwacho varisela zosta. Mtoto akipona tetekuwanga, magamba yakadondoka na ngozi ikarudi kama zamani, virusi vyenyewe haviondoki. Hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye mafundo ya neva yaliyo kandokando ya uti wa mgongo, na mengine yaliyo ndani ya fuvu, na humo hukaa kimya kwa miongo mingi. Aliyelieleza jambo hili kwa ushahidi uliokuja kukubalika ni Edgar Hope-Simpson, daktari wa familia katika mji mdogo wa Cirencester nchini Uingereza, ambaye mwaka 1965 alichapisha kumbukumbu alizokusanya kwa miaka mingi kutoka kwa wagonjwa wake mwenyewe. Napenda kumtaja kwa sababu fumbo hili lilifumbuliwa na mtu aliyeandika kwa makini kile alichokiona kwenye kliniki yake ya kila siku.

Kinachovizuia virusi hivyo visiamke ni kinga ya mwili, hasa chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti T, ambazo ni kama askari wa zamu kwenye lango moja. Kinga hii hupungua yenyewe kadiri umri unavyosonga, na ndiyo sababu hata kwa watu wasio na saratani mkanda wa jeshi huonekana zaidi baada ya miaka 50; nchini Marekani hukadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 3 ataupata wakati fulani maishani. Kwa mama yako mambo matatu yameongezeka juu ya umri. Limfoma yenyewe ni saratani inayoanzia kwenye limfosaiti. Dripu anazopewa huzipunguza chembe hizo. Tena mipango mingi ya matibabu ya limfoma huambatana na vidonge vya prednisoloni kwa dozi kubwa, kwa kawaida siku tano katika kila mzunguko, na familia nyingi hazivihesabu kuwa dawa inayoshusha kinga, kwa kuwa humezwa nyumbani na tena humfanya mgonjwa apate nguvu na hamu ya kula.

Hatari hii hailingani kwa wagonjwa wote wa saratani, na ni vizuri mjue mama yuko wapi. Saratani za damu na za tezi za limfu, yaani lukemia, limfoma na mieloma, huwa na hatari kubwa kuliko uvimbe wa viungo kama titi au utumbo. Wanaoongoza ni waliopandikizwa uboho na wanaotumia baadhi ya dawa, kwa mfano bortezomibu ya mieloma, ambayo hatari yake inafahamika vizuri kiasi kwamba mgonjwa huanzishiwa vidonge vya kinga vya asaiklovia, dawa ya kuzuia virusi, tangu mwanzo wa matibabu. Kwa upande mwingine, mwanamke aliyemaliza matibabu ya saratani ya titi na kubaki na kidonge cha tamoksifeni kila siku hana sababu ya kuogopa mkanda wa jeshi kwa ajili ya kidonge hicho, kwa sababu tamoksifeni inazuia homoni na haibomoi kinga kama dripu zinavyofanya.

Kuna jambo moja ambalo huwapotosha hata wagonjwa wazoefu. Kabla ya kila mzunguko mama hupimwa damu, na bila shaka mmeshazoea kuambiwa kwamba damu iko sawa, dawa inaweza kuendelea. Namba inayotazamwa zaidi hapo ni ya nyutrofili, chembe zinazopambana na bakteria, ambazo kwa kawaida hurudi kabla ya mzunguko unaofuata. Limfosaiti hurudi polepole, na baada ya baadhi ya matibabu huchukua miezi mingi, pengine hata mwaka. Kwa sababu hiyo jibu zuri la damu si uthibitisho kwamba mkanda wa jeshi hautatokea, na ugonjwa huu unaweza kujitokeza hata baada ya dripu ya mwisho, wakati familia imeshapumua na namba ya simu ya wodi imeshafutwa.

Nirudi kwenye benchi. Ingawa mkanda wa jeshi wenyewe hauambukizwi, maji ya malengelenge yake yana virusi hai, na mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga akiyagusa anaweza kupata tetekuwanga. Malengelenge yakifunikwa vizuri hatari hiyo hupungua sana, na yakishakauka yote kuwa magamba huisha. Katika nchi za joto kama zetu watu wengi huugua tetekuwanga wakiwa na umri mkubwa kuliko ilivyo Ulaya, kwa hiyo si salama kudhani kwamba kila mtu mzima aliye kwenye ukumbi wa tibakemia ameshaipata. Laiti mama angekuwa hajaugua, ningekuandikia jibu la namna nyingine kabisa: ningewaambia mpige simu hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mgonjwa wa aina hiyo aliyekaa karibu na virusi anaweza kuhitaji sindano ya kingamwili, ambayo hutolewa mapema iwezekanavyo na si zaidi ya siku 10, au vidonge vya kuzuia virusi ikiwa sindano hiyo haipatikani. Tetekuwanga kwa mtu mzima asiye na kinga ni ugonjwa wa kulazwa. Kwa kuwa mama aliugua, yuko pazuri zaidi, lakini wajukuu wakipata tetekuwanga wasilale naye chumba kimoja na kliniki ijulishwe; kuugua mara ya pili ni nadra, ila kwa kinga iliyoshuka sana hutokea.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka mama alijue kuliko yote, nalo ni namna ugonjwa unavyoanza. Kwa wagonjwa wengi maumivu hutangulia vipele kwa siku moja hadi tano. Anasikia kuungua, kuchomwachomwa kama kwa sindano, kuwashwa au ganzi katika eneo moja tu la upande mmoja wa mwili, na ngozi ya hapo haivumilii kuguswa hata na kanga. Ukitazama huoni kitu. Hapa ndipo siku za thamani hupotea: maumivu ya kifuani upande wa kushoto huitwa moyo, ya chini ya mbavu huitwa vidonda vya tumbo, ya kiunoni huitwa figo, na mgonjwa huchuliwa kwa dawa ya misuli na kukandwa kwa maji ya moto hadi malengelenge yanapotokeza chini ya kitambaa, na hapo nyumbani watadhani maji ya moto ndiyo yaliyomuunguza. Wengine watasema amepitiwa na mdudu usiku. Mgonjwa wa tibakemia mwenye maumivu mapya ya kuungua ya upande mmoja, hata kama ngozi ni safi, apige simu siku hiyohiyo na asingoje tarehe ya kliniki.

Vipele vyenyewe huanza vikiwa vidogo na vimesongamana kwa mafungu, na ndani ya siku chache hujaa maji. Hufuata ukanda kuanzia karibu na uti wa mgongo, huzunguka ubavuni na kukoma katikati ya kifua au tumbo. Maandishi mengi husema ngozi huwa nyekundu; kwa ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, utaona eneo limekuwa la zambarau au kahawia iliyokoza kuliko jirani yake, na wakati mwingine utalitambua kwa vidole kabla ya macho kwa sababu limevimba kidogo na lina joto. Kwa mtu mwenye kinga nzuri malengelenge hukauka kwa siku 7 hadi 10. Kwa mtu wa hali ya mama yanaweza kuendelea kutoka mapya kwa zaidi ya wiki, yakaingia ndani zaidi na kuacha vidonda vyeusi. Yeye hawezi kuuona mgongo wake, basi wewe au dada yako mtazameni anapotoka kuoga, penye mwanga wa kutosha, pamoja na chini ya matiti, kiunoni pale nguo inapobana, na kichwani.

Neno la jirani nalo lina jibu. Mkanda hukoma katikati ya mwili kwa sababu neva za kulia huhudumia upande wa kulia na za kushoto upande wa kushoto, na fundo lililoamka kwa kawaida ni moja. Ni nadra sana pande zote mbili kuamka pamoja, na hata zikiamka, kukutana kwa mikanda hakumwui mtu. Kinachoogopwa hospitalini ni kitu kingine: virusi kuingia kwenye damu na kusambaa. Dalili yake ya kwanza ni malengelenge yanayotokeza mbali na mkanda, kwenye mkono, paja au uso. Yakizidi 20 nje ya eneo la mkanda na maeneo yanayopakana nalo, daktari huhesabu kwamba ugonjwa umesambaa. Toka hapo unaweza kufika kwenye mapafu, ini au ubongo. Kikohozi kipya na kuhema kwa shida, macho kuwa ya manjano, kichwa kuuma sana, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida ni mambo ya kumpeleka hospitali usiku uleule. Mara chache maumivu makali ya tumbo hutangulia vipele kwa siku kadhaa, kwa sababu viungo vya ndani vimeguswa kabla ya ngozi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutodharau maumivu yasiyo na alama.

Usoni pana uzito wa pekee. Vipele vya paji la uso au kope, na hasa vikionekana kwenye ncha au ubavu wa pua, huashiria kwamba neva inayokwenda kwenye jicho imeguswa, na jicho linaweza kupofuka. Aonwe na daktari wa macho siku hiyo. Malengelenge ndani ya sikio pamoja na mdomo kwenda upande nayo yasingoje.

Matibabu yapo na si ya ajabu. Asaiklovia imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Gertrude Elion, mmoja wa wanasayansi ambao maabara yao iliitengeneza, alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1988. Tatizo ninaloliona zaidi ni namna inavyotumiwa. Kwanza kuna krimu ya asaiklovia, ambayo ni ya malengelenge ya mdomoni. Kwa mkanda wa jeshi haifanyi kazi inayohitajika, kwa kuwa virusi viko kwenye neva na si juu ya ngozi, na mgonjwa huipaka siku nne akiamini yuko kwenye dawa. Pili ni dozi. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima dozi ya vidonge kwa mkanda wa jeshi ni miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku 7 hadi 10. Kidonge cha dukani mara nyingi ni cha miligramu 200, kwa hiyo ni vidonge vinne kwa mpigo, mara tano. Anayepewa kimoja mara tano amepewa robo ya dozi. Ikipatikana valasaiklovia, ndugu wa dawa hiyo, humezwa mara tatu tu kwa siku, jambo linalomsaidia sana mtu anayetapika kwa ajili ya kemo.

Kwa watu wa kawaida tunasisitiza dawa ianze ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Kwa mgonjwa wa tibakemia saa hizo zikipita dawa huanzwa vilevile, msikubali kuambiwa mmechelewa. Ikiwa ugonjwa umesambaa, umegusa jicho au ubongo, au kinga imeshuka mno, hulazwa na kupewa asaiklovia kwa mshipa kila baada ya saa 8. Namwandikia mgonjwa maji mengi pamoja na dawa hii kwa sababu inapita kwenye figo, na mtu ambaye figo zake zilishaguswa na dawa ya saratani ya sisplatini au ugonjwa wa sukari hupunguziwa dozi. Ndiyo sababu sipendi mjinunulie wenyewe: kipimo cha figo kipo kwenye faili lake, dukani hakipo.

Kwa maumivu, aepuke diklofenaki na ibuprofeni zinazotolewa kila duka kama pipi, kwa kuwa zinabana figo na zinaweza kumtoa damu ikiwa chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshuka. Parasetamoli inafaa, lakini apimwe joto kwanza kabla ya kuimeza, kwa sababu huficha homa, na homa ya nyuzi 38 kwa mtu aliye kati ya dripu ni dharura yenyewe, mkanda uwepo au usiwepo. Vidonda vioshwe kwa maji safi na sabuni isiyo kali, vikaushwe bila kusuguliwa na kufunikwa na kitambaa chepesi kilichopigwa pasi. Majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno na majani yaliyotafunwa visiguse ngozi hiyo, kwani bakteria wanaoingia kupitia kidonda cha mtu asiye na nyutrofili wanaweza kumuua upesi kuliko virusi.

Hukuuliza, lakini litakuja: mama akipata mkanda wa jeshi, kuna watu watanong'ona kwamba ana UKIMWI. Mnong'ono huo una historia. Katika miaka ambayo dawa za kufubaza virusi hazikuwepo, mkanda wa jeshi kwa kijana ulikuwa dalili iliyowafanya waganga wengi wa Afrika Mashariki washuku VVU, na hadi leo umo katika hatua ya pili ya dalili za VVU kwa mpangilio wa Shirika la Afya Duniani. Kila mgonjwa wa limfoma hupimwa VVU, kwa hiyo jibu la mama limo kwenye faili tangu mwanzo. Akipimwa tena asione ametuhumiwa. Hamdaiwi maelezo na majirani. Nisichotaka ni mama afiche malengelenge chini ya kanga kwa siku nne kwa kuogopa maneno, kwa sababu nimeshawaona waliofanya hivyo wakifika na jicho lililoharibika.

Maumivu yanayobaki baada ya ngozi kupona, yakizidi miezi mitatu, yana dawa zake, kama amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku au gabapentini. Panadoli peke yake huwa haitoshi, na si kweli kwamba hakuna la kufanya.

Kuhusu chanjo, zinazotajwa zaidi ni mbili na msizichanganye. Zostavax, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, ilikuwa na virusi hai vilivyodhoofishwa na haikufaa kwa mtu aliye kwenye tibakemia. Iliacha kuuzwa huko mwaka 2020. Shingrix, iliyoidhinishwa mwaka 2017, haina kirusi hai bali protini moja ya kirusi na kiamsha kinga, na mwaka 2021 Marekani iliruhusu itumike kwa watu wazima wenye kinga iliyoshuka kuanzia miaka 18. Kwa waliopandikizwa uboho wao wenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ilipunguza mkanda wa jeshi kwa takriban theluthi mbili. Huchomwa sindano mbili zinazopishana miezi miwili hadi sita, na kwa wenye kinga dhaifu huweza kupishana mwezi mmoja au miwili.

Chanjo hii haimo katika ratiba ya taifa ya Tanzania, na bei yake kwa anayeiagiza binafsi ni kubwa. Wakati wake bora ni kabla ya dripu ya kwanza, na huo umeshapita. Ikiwa mama anapata pia rituksimabu, dawa ya limfoma inayoshambulia baadhi ya limfosaiti, mwili wake kwa miezi kadhaa hautaitikia chanjo vizuri. Ushauri wangu ni kwamba msiuze kitu kwa ajili ya Shingrix sasa hivi. Fedha iliyopo iende kwenye nauli ya mizunguko miwili iliyobaki, kipimajoto na akiba ya dharura, kisha baada ya matibabu, limfosaiti zikianza kurudi, mzungumze na daktari wake kama inapatikana na kama inafaa.

Siku ya mzunguko wa tano mwambieni daktari kwamba mama alikaa na mtu mwenye mkanda wa jeshi na kwamba aliugua tetekuwanga utotoni, na ulizeni kama mpango wake wa dawa unastahili asaiklovia ya kinga. Kwa baadhi ya wagonjwa wa limfoma hutolewa, kwa wengine haihitajiki, na daktari huyo ndiye anayejua dozi za prednisoloni na hali ya damu ya mama. Vipele vikitokea kabla ya tarehe hiyo, msiende moja kwa moja kwenye ukumbi wa dripu. Pigeni simu kwanza, fikeni vidonda vikiwa vimefunikwa, na mjulisheni muuguzi mlangoni ili mama apewe chumba cha peke yake. Mara nyingi mzunguko husogezwa hadi malengelenge yote yakauke kuwa magamba, na kusogezwa kwa wiki moja au mbili kwa sababu hiyo ni uamuzi wa kawaida ambao daktari wake hataona taabu kuufanya.